Chaja ya Shemeji

Mama Chaji hakuwa mtu wa kusahau. Ukimpelekea betri leo ukapotea miezi sita, siku ukirudi angekutajia tarehe uliyoileta, kichwa kipi cha kufungia waya kilikuwa na kutu, na uongo uliompa kuhusu lini ungeifuata. Kibanda chake kilikuwa mwisho wa soko la vipuri, upana wake milango miwili. Betri zilikaa sakafuni juu ya mbao, za malori nyuma, za pikipiki mbele, na ukutani zilining'inia chaja za kila umri. Asidi ilikuwa imetoboa kila sketi aliyokuwa nayo. Wauza mitumba walimtania kwamba akinunua nguo mpya aitoboe mwenyewe mapema, ayamalize.

Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, fundi umeme, mtu wa maneno machache aliyependa kusema betri haifi ghafla, huuawa polepole na mwenye nayo. Yeye mwenyewe alikufa ghafla. Homa ya siku tatu, ya nne wakamzika. Aliacha vitu viwili vya maana: kibanda, na pikipiki nyekundu aliyoinunua mpya, ambayo ndiyo iliyokuwa ikichukua betri kwa wateja na kuzirudisha.

Siku ya tano baada ya mazishi, mdogo wake marehemu alimfuata mjane uani akijifuta macho.

"Shemeji, naazima pikipiki niwarudishe wageni stendi."

Alipewa ufunguo. Wageni walirudi kwao, wiki ikapita, mwezi ukapita, pikipiki haikurudi. Mama Chaji alipoifuata, Shemeji alikuwa ameshaibandika stika za timu yake kwenye tangi.

"Pikipiki ya kaka yangu ni yangu," alimwambia, bila hata kushuka. "Wewe bado mbichi, kesho utaolewa. Unataka ukampe mwanamume mwingine jasho la kaka yangu?"

Aliita kikao cha familia. Kila mtu alikaa akitazama vidole vya miguu yake. Baba mdogo wa marehemu alisema mambo ya ndugu yasitolewe nje. Mama mkwe, ambaye siku zote alikuwa na la kusema juu ya kila kitu mpaka bei ya sindano, siku hiyo hakusema neno. Hilo ndilo lililomuuma Mama Chaji kuliko stika.

Akanunua toroli. Miaka mitatu alisukuma betri kwa toroli kupanda kilima cha gereji, mikono ikaota sugu, bega la kulia likashuka. Asubuhi moja ya mvua, akiwa katikati ya kilima na betri nne za malori, gurudumu limezama kwenye tope, alisikia mlio anaoujua. Shemeji alimpita akiwa amebeba abiria, akapiga honi, akageuza shingo.

"Pole shemeji! Mazoezi hayo, utaishi miaka mia!"

Tope likamrukia hadi kifuani. Abiria alicheka, pengine kwa adabu tu, lakini Mama Chaji alimkariri hata yule abiria sura yake. Watu husema muda huponya. Kwake muda ulinoa. Kinyongo nacho, kama betri, hufa kisipochajiwa, na yeye alikichaji kila alipopanda kile kilima.

Basi ikawa mwaka wa tatu, saa tano asubuhi, Shemeji akatokea kibandani kwa tabasamu pana kama mlango wa ghala.

"Shemeji wangu mtaalamu!"

Mama Chaji alikuwa anaongeza maji kwenye betri ya lori. Hakuinua kichwa mpaka tundu la sita lilipojaa.

"Karibu. Leo umepotea njia?"

"Usiwe hivyo bwana. Nimepata mkataba, naenda kuendesha greda kwenye ujenzi wa barabara, mbali huko. Miezi minane. Pikipiki inabaki. Sasa mwaka jana niliiacha wiki saba tu nikakuta betri imekufa kabisa, na unajua haina kiki, ni ya kitufe. Watu wanasema kuna chaja unaiacha imechomekwa tu. Nikasema, kwa nini niende kwa wageni wakati damu yangu ipo?"

Damu yake. Mama Chaji alijifuta mikono taratibu kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Betri yake ni ya maji au kavu?"

"Kavu. Imefungwa, haifunguki."

"Ampea saa ngapi?"

"Hizo sasa ndizo lugha zenu. Mimi nipe lile kubwa pale, lenye magurudumu. Naona lina nguvu."

"Lile ni la malori. Ukilifunga kwenye betri ya pikipiki ni sawa na kumnywesha mtoto mchanga kwa mpira wa zimamoto."

Shemeji alicheka. Mama Chaji naye alicheka kidogo, ili wafanane.

Ukutani zilibaki mbili zilizofaa kuzungumziwa. Ya kwanza ilikuwa ndogo, haizidi kipande cha sabuni ya kufulia, nyaya zake zina vikuku vya kufungwa kwa skrubu. Hiyo ilikuwa na akili. Hujaza betri polepole, ikijaa inajipunguza, inakaa inailinda, ikishuka kidogo inaiongeza. Unaweza kuiacha mwaka mzima, betri ikabaki kama uliyoitoa dukani. Ya pili ilikuwa sanduku la bati lenye taa moja nyekundu, zito, linalonguruma, aina ambayo mafundi wa zamani waliitumia wakiwa wamekaa pembeni yake na saa mkononi. Hiyo haikujua kujaa ni nini. Ilisukuma tu. Betri ya maji ungeweza kuiongezea maji. Betri kavu ingechemka ndani kwa ndani, ikavimba kama mkate, ikafa.

Mama Chaji alijua hayo kama anavyojua njia ya kwenda chooni kwake. Mkono wake ulienda kwenye ile ndogo. Ukasimama. Aliona tope kifuani mwake. Mkono ukahamia kwenye sanduku la bati.

"Chukua hii," alisema. "Chuma kitupu. Haina mambo mengi. Unafunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, unachomeka, unaondoka."

"Miezi minane yote?"

"Wewe iache tu. Yenyewe haichoki."

Wala hakudanganya, alijiambia baadaye. Kweli haikuchoka.

Shemeji aliondoka na sanduku begani akimwombea baraka. Mama Chaji alikaa kwenye kigoda chake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alisikia mwili wake mwepesi. Siku zilizofuata alikuwa akihesabu kimoyomoyo: leo imejaa, kesho inaanza kupata moto, keshokutwa hewa inatoka. Akilini alimwona Shemeji akirudi na begi lake, akibonyeza kitufe, tik, kimya, tik, kimya. Alicheka peke yake mbele ya wateja. Mwuza mitumba wa jirani akamuuliza kama amepata mchumba.

Siku ya tisa simu ikaita. Alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, uko? Hiki kidude alichoniachia shemeji yako kinaninyima raha. Kinanguruma, na chumba kinanuka mayai viza. Tangu juzi nakohoa tu."

Mama Chaji aliinuka kigodani. "Chumba gani, mama?"

"Changu! Alisema kwake wataiba. Pikipiki ameiegesha hapa kwa cherehani, karibu na kitanda. Madirisha amefunga yote eti mvua isiingie. Hebu ngoja, nawasha kiberiti nichome karatasi harufu ikate..."

"Mama! Usiwashe kitu! Weka hicho kiberiti chini! Toka nje!"

"Unanifokea?"

"Toka nje, mama, nakuja!"

Hakufunga kibanda. Alimwashiria mwuza mitumba kwa macho tu akilinde, akakimbia. Bibi kizee mwenye kifua kibovu, dirisha limefungwa, betri inachemka inamwaga hewa inayoshika moto kwa cheche moja, na yule bibi ameshika kiberiti. Njia nzima Mama Chaji aliona hayo tu. Pikipiki hakuiwaza. Hata Shemeji hakumuwaza.

Alimkuta mama mkwe amekaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa, redio yake mapajani, amenuna. Alipita bila salamu, akafungua madirisha yote na mlango wa nyuma, akazima swichi ya ukutani kabla ya kugusa nyaya, akasubiri hewa itembee. Sanduku la bati lilikuwa la moto kama pasi. Aliipapasa betri: ya moto, mbavu zake zimeanza kujaa. Alivua kanga begani akaipepea na kuipepea, mpaka akagundua kuwa analia.

Alitoka uani, akapiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Mama, kile kidude nilimpa mimi. Nilijua kitaiua betri. Nilimpa makusudi."

Yule bibi alizima redio. Alikuwa mshonaji miaka arobaini, macho yake yalizoea kutazama kitambaa mpaka aone uzi uliokatika. Alimtazama hivyo hivyo.

"Ulitaka kumuua yeye, ukaanza na mimi?"

"Sikujua kaiweka kwako, mama. Wallahi sikujua."

"Ndiyo ubaya wa kisasi cha kutupa gizani. Hujui kitamwangukia nani." Akakohoa, akatema, akafuta mdomo. Kisha akasema jambo ambalo Mama Chaji hakulitarajia. "Lakini nawe hukukosea kukasirika. Siku ya kikao nilinyamaza. Nilimwogopa mwanangu niliyemzaa mwenyewe. Wenzangu wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nimelia miaka mitatu, nalia na redio imewashwa ili majirani wasisikie."

Kuku akapita.

"Imekufa?" mama mkwe akauliza.

Mama Chaji alirudi ndani na mita yake. Ilipopoa aliipima, akapima tena.

"Imeumia. Haijafa."

Na hapo, akiwa amechuchumaa kati ya cherehani na gurudumu, ndipo wazo lilipomjia, akashangaa limechelewa wapi. Siku tisa alikuwa akishangilia kuua mali yake mwenyewe. Kadi ya pikipiki ilikuwa bado na jina la marehemu. Aliifungia kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda tangu wiki ya msiba, akamwambia Shemeji imepotea. Kilichokosekana kilikuwa barua ya familia kwenda mahakamani, na hiyo hakuna aliyethubutu kuitia saini wakati Shemeji anazunguka mtaani na sauti yake. Sasa sauti hiyo ilikuwa mbali, juu ya greda, kwa miezi minane.

Kesho yake alirudi na ile chaja ndogo. Alifunga vikuku kwenye vichwa vya betri, akaviskrubu, akavipaka grisi, akatoa waya nje kupitia ubavuni mwa pikipiki. Taa ikawaka njano. Siku ya pili jioni ikageuka kijani.

"Sasa hii hainuki?" mama mkwe akauliza kwa mashaka.

"Hainuki, haingurumi. Ikishiba inaacha kula."

"Heri yake. Ina adabu kuliko mwenye pikipiki."

"Mwenye pikipiki ni nani, mama?"

Bibi alimtazama juu ya miwani yake. "Lete hiyo barua ya mahakama nitie saini, kabla sijaanza kuogopa tena."

Alitia saini kwa mkono wa kushonea, herufi zimelala kama mshono. Baba mdogo alikuwa mgumu zaidi. Alizungusha maneno, akasema ndugu ni ndugu, akasema wasubiri arudi waongee kiutu uzima. Mama mkwe akamwambia mbele ya mkewe kwamba utu uzima wake alikuwa nao siku ya kikao na haukumsaidia mtu. Mzee akasaini.

Karani wa mahakama alikuwa kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimweleza Mama Chaji kwamba tangazo litabandikwa siku thelathini, na mwenye pingamizi aje.

"Likabandikwe na mlangoni kwa shemeji yangu," Mama Chaji akasema. "Nataka iwe haki."

Likabandikwa. Lilipigwa jua kwenye mlango uliofungwa kufuli, likageuka njano, pembe moja ikang'oka. Mama Chaji alipita pale mara mbili kwa wiki kulitazama. Angeweza kumpigia simu Shemeji akamwambia; namba alikuwa nayo. Hakumpigia. Haki ilitaka tangazo, na tangazo lilikuwepo. Zaidi ya hapo hakuwa na deni la wema kwa mtu.

Shemeji mwenyewe alikuwa akimpigia mama yake kila mwisho wa wiki.

"Mama, betri vipi?"

"Nzima kabisa. Inatunzwa kuliko mimi."

"Shemeji anapita kuiangalia?"

"Hakosi. Anaipenda pikipiki hiyo kama yake."

Kisha anakata simu, na wakwe wawili wanashikana mabega kwa kicheko mpaka kifua cha bibi kinabana na inabidi anyweshwe maji.

Mwezi wa tano mahakama ikampa Mama Chaji usimamizi wa mirathi. Mwezi wa sita kadi ikatoka na jina lake. Akaja na kitambaa chenye sabuni, akabandua stika za timu kwa kucha, moja moja, akifurahia kila moja. Akachomoa chaja, akafungua koki ya mafuta, akabonyeza kitufe. Ikaitika mara moja. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama mbali kwa woga, alipiga kigelegele kilichowatoa majirani.

Shemeji alirudi siku ya Jumanne, mchana kweupe. Alipita kwanza kwa mama yake, na kofia mpya ya pikipiki mkononi. Kando ya cherehani alikuta sakafu imefagiliwa. Mama yake hakumficha. Alimwambia, "Nenda sokoni," akarudi kwenye mshono wake.

Alifika kibandani anahema. Pikipiki ilikuwa mbele ya mlango, kreti la betri limefungwa nyuma kwa mpira. Toroli lilikuwa limeshauzwa.

"Nani kakuruhusu?" alipiga kelele hata wauza vipuri wakatoa vichwa. "Mwizi! Nimekuamini na chaja, kumbe unanichimba!"

Miaka mitatu Mama Chaji alikuwa ameiandaa siku hii. Alikuwa na hotuba nzima, ameikariri akisukuma toroli, yenye tope na honi na machozi ndani yake. Alipofungua mdomo ikapotea yote. Akaingia ndani, akatoka na nakala ya hukumu.

"Soma," alisema. "Kwa sauti, maana umeita watu."

Shemeji alisoma kimyakimya. Midomo yake ilicheza. Alipofika kwenye saini ya mama yake alisimama hapo muda mrefu.

"Na mama pia?"

"Na baba mdogo. Geuza ukurasa."

"Mlingoja nisafiri." Sauti ilikuwa imeshuka.

"Wewe ulingoja mume wangu azikwe. Sisi tumengoja usafiri. Nani kamzidi mwenzake ubaya?"

"Kaka angekuwa hai usingenifanyia hivi."

"Angekuwa hai usingepata cha kuninyang'anya."

Mtu mmoja kati ya wauza vipuri alisema "Eeeh!" kwa nguvu, wenzake wakacheka. Shemeji aliwatazama mmoja mmoja. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akaondoka na kofia yake mpya mkononi. Mama Chaji alimtazama mgongo mpaka akapotea kwenye maduka ya matairi, akingoja huruma imjie ili ajue yeye ni mtu wa namna gani. Haikuja. Alichokisikia kilikuwa utamu, na aliunyonya hadi mwisho kama mtu anyonyaye muwa.

Lakini mambo ya ndugu hayana bei ya mtu mmoja. Shemeji alikwenda mahakamani, akaambiwa siku thelathini zilipita zamani. Akakata mguu kwa mama yake. Miezi kumi hakufika, hata bibi alipolazwa kwa kifua hakufika, alituma matunda. Mama mkwe hakulalamika, ila redio ilirudi kupigwa kwa sauti ya juu, na Mama Chaji, ambaye sasa alijua maana yake, alianza kupita kila siku badala ya mara moja kwa wiki. Kila Alhamisi alimpakia bibi nyuma kwenda zahanati. Bibi alimkamata kiuno kama anayezama, akimwamuru apunguze mwendo hata wakiwa wamesimama.

Mwuza mitumba alimwuliza siku moja kama hajafikiria kusamehe, maana kisasi nacho huchosha.

"Nilishasamehe," Mama Chaji akajibu. "Nimesamehe nikiwa juu ya pikipiki. Ndivyo inavyosameheka vizuri."

Mwaka uliofuata, mtu asiyemjua alileta betri ya pikipiki, kavu, imeisha kabisa, akasema ametumwa na rafiki yake. Mama Chaji aliigeuza. Ubavuni palikuwa pamebandikwa stika ya timu ile ile. Alimtazama yule mtu, akaitazama stika, akaandika risiti.

"Mwambie ataipata."

"Lini? Kasema anaihitaji leo."

"Foleni ni ndefu."

Foleni siku hiyo ilikuwa ya betri mbili. Aliiweka nyuma kabisa, nyuma ya zile za malori, ikakaa siku nne. Siku ya tano aliifunga kwenye chaja ndogo, akaiangalia vizuri, akaijaza ipasavyo, akavisugua vichwa vyake hadi vikang'aa. Kazi mbovu haikutoka kibandani kwake tena. Kisha akaiacha ikae siku mbili zaidi.